Kahawa ya Wageni na Kisagio cha Magokoro

Msomaji mpenzi, kabla hujafungua kurasa za mashairi na vitendawili huko nyuma, nipe dakika zako chache nikuulize swali. Je, umewahi kuionja kahawa ya kwenu? Sisemi ile ya kopo iliyonunuliwa dukani, la hasha! Nasema ile iliyochumwa nyuma ya nyumba yenu, ukaiona ikiwa maua, ukaiona ikiwa kijani, ukaichuma ikiwa nyekundu kama midomo ya bibi harusi.

Swali hili niliwauliza wanachama wenzangu muhula uliopita. Tulikuwa thelathini na mmoja. Niliwaomba wanaotoka katika nyumba zenye kahawa wasimame, wakasimama kumi na wanne. Kisha nikasema aliyewahi kuinywa kahawa ya kwao abaki amesimama. Wote waliketi kwa kishindo, ila msichana mmoja wa kidato cha pili. Tukampigia makofi. Kumbe maskini hakuwa amesikia swali!

Ama kweli hili ni jambo la kushangaza. Lugha yetu yenyewe inatusuta. Nyumba ya kuuzia chakula tumeiita mkahawa, ingawa ukiingia katika mikahawa mingi ya mjini Kisii na kuagiza kahawa, mhudumu atakutazama kama uliyetoka mwezini, kisha akuletee chai. Rangi tumeiita kahawia. Punje yenyewe ni buni na mti wake ni mbuni, neno ambalo pia ni jina la yule ndege mkubwa asiyeruka, na la mtu abuniye mambo. Hata hivyo sisi tunaoishi na mibuni mlangoni hatuna habari na ladha yake. Tunajua uzito wake tu, kwa sababu uzito ndio unaoandikwa katika kitabu cha ushirika.

Mimi kwetu ni karibu na Kebirigo, upande wa Nyamira, huko kwenye majani chai. Chai ndiyo iliyonivisha sare hii. Lakini Magokoro, nyanya yangu mzaa mama, anaishi Marani upande wa Kisii, na yeye ni mtu wa kahawa. Ana mibuni mia mbili iliyopandwa na marehemu babu. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa nikienda huko likizo ya Desemba kumsaidia kuchuma. Unachuma asubuhi, unachambua mchana, jioni unabeba gunia hadi kiwandani na kupanga foleni. Usiku Magokoro anatengeneza chai ya maziwa, tunakunywa, tunalala. Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kitu.

Kisagio kilikuja kwa njia ya shangazi yangu anayefanya kazi Nairobi. Alikinunua kwenye vitu vya mitumba kwa sababu aliona ni kizuri, akadhani ni cha pilipili. Ni kijisanduku cha mbao chenye mtoto wa meza chini, juu kina bakuli la chuma na mkono wa kuzungushia wenye kirungu. Ndani ya bakuli kuna meno mawili ya chuma: moja limetulia kama pete, jingine ni kama koni lenye mifuo, nalo ndilo linalozunguka. Punje huingia juu ambapo nafasi ni pana, zikavunjika, zikashuka kule kwembamba, zikasagika, unga ukaangukia katika mtoto wa meza. Basi! Hakuna stima, hakuna waya, hakuna kungoja stima irudi. Wale Peugeot wa Ufaransa, walewale wa gari aina ya 504 lililobeba abiria wengi katika barabara zetu miaka ya 1970 na 1980, walianza kutengeneza visagio vya namna hii mwaka 1840, kabla ya gari lolote. Cha shangazi si cha Peugeot, hakina hata jina, lakini ukoo ni mmoja.

Nilikipeleka Marani likizo ya Desemba. Magokoro alikitazama, akazungusha mkono wake mara mbili, akaniambia, "Hili ni jiwe la kusagia wimbi, ila limefanywa livivu." Nilipomwambia nataka kusagia kahawa yake, aliangalia mlangoni kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama polisi hawatakuja. Usimcheke. Yeye alilelewa wakati kahawa ya mkulima ilidhibitiwa vikali na sheria, tangu kupandwa hadi kuuzwa. Na kabla ya hapo, wakati wa mkoloni, Mwafrika alikuwa amezuiwa hata kuipanda arabika, mpaka miaka ya 1930 ambapo sehemu chache ziliruhusiwa kujaribu. Kisii ilikuwa mojawapo, pamoja na Meru na Embu. Kwa hiyo kahawa iliingia katika nyumba zetu kama mgeni wa serikali: unamtunza, unamlisha, lakini huli naye sahani moja.

Tulianza na debe dogo. Tulichuma zilizoiva tu, tukazimenya kwa mikono, tukaziloweka siku moja na nusu mpaka ule ute ukatoka, tukaziosha mara tatu, tukazianika juu ya mkeka siku kumi na mbili. Magokoro alitwanga lile ganda jepesi kwenye kinu, akapepeta kwa ungo. Hapo hakuhitaji mwalimu, kwani huyo ni mtu aliyepepeta wimbi tangu utotoni. Halafu tukakaanga kwenye sufuria juu ya jiko la makaa, tukikoroga bila kupumzika. Baada ya dakika kumi hivi zikaanza kualika, ta! ta! kama bisi. Moshi ukajaa jikoni, majirani wakaja kuuliza kunaungua nini. Tulizitoa zilipokuwa za rangi ya udongo mweusi uliolowa, tukazimwaga kwenye ungo zipoe haraka, tukaziacha hadi kesho yake.

Sasa sikiliza makosa yangu, kwa maana ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu.

Kosa la kwanza halikuwa langu peke yangu. Binamu yangu hakuwa na subira ya kungoja kukaangwa. Alitia buni mbichi, zile za kijani, akazungusha kwa nguvu zote. Buni mbichi ni ngumu ajabu, si ya kusagwa kwa mkono wa nyumbani. Mkono wa kisagio ulipinda. Mpaka leo umepinda kidogo, ukizungusha unakwenda kama mlevi anayetoka Keroka siku ya soko.

Kosa la pili lilikuwa langu. Baada ya kusaga mara ya kwanza nilikichukua kisagio nikakiosha kwa maji na sabuni kama kikombe, nikakianika juani, nikaenda zangu kucheza mpira. Mvua ya Kisii unaijua, haipigi hodi. Nilipokirudia asubuhi, mbao zilikuwa zimevimba, mtoto wa meza hafunguki, na meno yamevaa kutu nyekundu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Binamu kwa kutaka kunisaidia akaleta oili ya pikipiki akayapaka meno yote. Ebo! Kahawa tuliyoinywa siku hiyo ilinukia gereji. Magokoro aliimaliza kwa heshima, kisha akasema kama hiyo ndiyo kahawa ambayo Wazungu wanaivukia bahari, basi pole zao.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Katika debe la pili tulikuwa na haraka, tukaanika sehemu ya kahawa chini kwenye ua. Tulipoanza kusaga, kisagio kililia kraa! kikakwama. Nilipokifungua nikakuta kijiwe kidogo, hata harage ni kubwa, na ncha ya jino moja imemeguka. Nililia, sitaficha. Magokoro hakunigombeza. Alikichukua kile kijiwe akakiweka kiganjani, akakitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Miaka yote hii nimewauzia watu mawe."

Neno hilo halijaniondoka. Hakuwa anauza mawe, bila shaka. Huko kiwandani kahawa huoshwa na kupangwa. Lakini alikuwa amegundua jambo ambalo kitabu cha ushirika hakijawahi kumwambia: kwamba mwisho wa kahawa hii kuna kinywa cha mtu. Kuanzia siku ile kuchambua kwake kulibadilika. Zile za kijani alizokuwa akiziacha zijaze uzito, sasa anazitoa. Zilizotobolewa na wadudu anazitoa. Tulikaanga konzi ya zilizoiva peke yake na konzi ya zilizochanganyika na kijani, tukasaga kila moja mbali, tukanywa. Ile ya kwanza ilikuwa na utamu fulani na ukali mzuri kama wa chungwa. Ya pili ilikuwa kama kutafuna majani. Mjomba mwenyewe alizitofautisha akiwa amefumba macho.

Nimemtaja Mjomba, na hapa ndipo penye shida yenyewe. Mjomba anataka kuing'oa mibuni yote apande maparachichi. Hoja zake si za kipuuzi, nami sitaki kumdharau kwa kuwa ninaandika gazetini naye hawezi kunijibu. Anasema malipo ya kahawa yanachelewa hadi miezi mingi, mbolea ni ghali, dawa ni ghali, mama yake amezeeka, na mwaka mmoja walilipwa pesa ambazo hazikutosha hata kununua magunia. Aliponiona na kisagio changu alicheka. "Kunywa, mtoto wangu, kunywa sana," alisema, "lakini kikombe hakilipi karo."

Nilikosa jibu usiku ule. Nilichukua kalamu nikafanya hesabu, nayo ni hii. Kwa kawaida kilo saba hivi za matunda mekundu hutoa kilo moja ya buni safi. Ukiikaanga, inapungua uzito kwa sababu maji yametoka, ibaki kama gramu mia nane na arobaini. Kikombe kimoja kizuri kinahitaji gramu kumi za unga. Kwa hiyo katika kilo saba za Magokoro mna vikombe zaidi ya themanini. Katika hoteli kubwa za Nairobi kikombe kimoja hupita shilingi mia mbili. Sasa chukua kile alicholipwa Magokoro kwa kilo saba ukigawe kwa themanini uone utapata nini. Mimi nilipata kitu ambacho hakinunui hata kiberiti.

Wewe utaniambia, ala! kwani Magokoro atafungua hoteli? La. Najua kati ya gunia na kikombe kuna kukoboa, kusafirisha, mnada, kukaanga, kodi za nyumba na mishahara ya watu. Sidai kwamba kisagio kitaleta karo. Ninachodai ni kwamba mtu asiyejua ladha ya bidhaa yake hawezi kuitetea bei yake. Pale mnadani Nairobi kahawa huuzwa baada ya kuonjwa. Mnunuzi ameonja, dalali ameonja, mkaangaji wa ng'ambo ameonja. Mtu wa pekee ambaye hajaonja ni yule aliyeipanda. Sasa katika mazungumzo hayo nani atakuwa mjinga? Hata muuza ndizi wa Daraja Mbili huimenya moja mbele yako, akaila, ndipo akutajie bei.

Wenzetu wa pwani hawana mibuni, lakini wanaijua kahawa kutuzidi. Mombasa, Lamu na Unguja mzee akitoka msikitini huketi barazani, akapita muuza kahawa na dele lake la shaba lenye makaa chini, akigonganisha vikombe vidogo. Kahawa ni chungu, kando pana kashata, na hapo habari za mji wote zinasagwa. Zamani waliitwanga kwenye kinu. Wahabeshi nao hukaanga mbele ya mgeni na kumpitishia moshi anuse kabla ya kutwanga. Wahaya wa Bukoba huichemsha buni na kuikausha, wakaitafuna na kumkaribishia mgeni. Sisi Wakisii mgeni tunampa chai. Si vibaya, chai ni yetu pia, na mama yangu asije akasoma hapa akadhani nimemgeukia. Lakini je, sebule moja haiwezi kubeba vyote viwili?

Basi kwa yule atakayeshawishika, nampa niliyojifunza kwa machozi. Kisagio cha chuma hakioshwi kwa maji. Ukimaliza kusaga, kipindue, kigongegonge, halafu utumie mswaki wa zamani kuondoa unga uliobaki katikati ya meno, maana kahawa ina mafuta yake, na mafuta hayo yakikaa huchacha na kuiharibu kahawa ya kesho. Mara moja kwa mwezi kifungue chote. Kabla hujafungua ile nati ya kurekebishia, weka alama kwa msumari ujue ilikuwa wapi, la sivyo utakirudisha na kusaga vumbi au mapande. Panguza kwa kitambaa kikavu. Mafuta ni tone moja tu la mafuta ya kupikia kwenye ule mhimili unaozunguka, tena upanguze. Meno usiyaguse kwa mafuta. Ya pikipiki yaache kwa pikipiki.

Kutu ya kile changu tuliitoa kwa kukisugua kikavu, kisha tukasaga mchele mbichi konzi mbili na kuutupa, kisha kahawa konzi moja nayo tukaitupa. Kuhusu jino lililomeguka, fundi mmoja wa jua kali mjini Kisii alilichonga kwa tupa hadi likalingana, akanyoosha mkono kadiri alivyoweza, na kutia washa mpya. Alitoza shilingi mia moja na hamsini na kikombe kimoja cha kahawa, ambacho alikinywa akikunja uso, akaomba sukari.

Jambo jingine ni ukubwa wa unga. Ukikaza nati unga unakuwa laini, ukiilegeza unakuwa wa chengachenga. Kahawa ya kuchemsha kwenye birika la kipwani hutaka laini. Ukichuja kwa kitambaa, kama tunavyofanya sisi, iwe kama chumvi ya mawe iliyopondwa kidogo. Ikiwa laini mno, kitambaa kinaziba na kahawa inakuwa chungu, ikiwa kubwa mno unakunywa maji ya rangi. Na usisage ya wiki nzima! Harufu yake ni kama umbea, ikishatolewa hairudi. Saga ya kikombe unachokinywa sasa hivi. Punje zilizokaangwa ziweke kwenye chombo chenye kifuniko kinachokaza, mbali na jiko na vitunguu. Na kabla hujazitia, zimwage kwenye sinia, uzipitishe vidole moja moja kutafuta mawe. Hili Magokoro amelichukua kama ibada. Hatumii miwani.

Nilimwandikia maagizo haya yote kwa Kiswahili sanifu kwenye ubao wa katoni nikaubandika ukutani. Akaniuliza ule ubao unasema nini. Nilikuwa nimesahau kwamba hasomi. Basi nikachora: birika lenye msalaba juu yake, mswaki, jiwe lenye msalaba, jua. Anasema jua limefanana na ndizi.

Na Mjomba? Mwezi wa Januari aling'oa mibuni sitini, upande wa mtoni, akapanda maparachichi. Magokoro hakumkataza, kwa kuwa shamba litakuwa lake siku moja. Lakini alimwekea mpaka kwa kamba ya katani, na mibuni mia moja na arobaini ingali imesimama nilipoondoka kurudi shuleni. Jumapili Mjomba hupita baada ya kanisa, haulizi habari za shamba. Huketi kwenye kigoda, akakiweka kisagio kati ya magoti yake na kukizungusha mwenyewe, kwa sababu anasema Magokoro husaga laini mno.

Nimemwomba mwalimu mlezi wa chama ruhusa, naye amekubali ila ameonya kuhusu moto. Ijumaa ya pili ya muhula ujao, baada ya mdahalo, nitaleta kisagio katika darasa la kidato cha tatu. Kahawa ni ya Marani. Wale kumi na wanne waje na konzi moja moja ya kwao iliyokwisha kukaangwa, tuzionje tukiwa tumefumba macho. Na kila mtu aje na kikombe chake, maana vya chama vimebaki vitatu, kimoja hakina mkono.